Kuangalia Stuart Little na mtoto uliyemuasili: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Shule zikifunga tu naanza kusikia kisa kile kile. Mzazi kapata muvi ya familia, Stuart Little, ile ya 1999 ya kapanya keupe kanakochukuliwa kwenye kituo cha watoto yatima na familia ya watu kule New York, anasema hii ndo yenyewe, mwanangu atajiona humu ndani, anawakusanya wote sebuleni, anawasha, na kabla haijaisha mtoto yuko chumbani kajifunika shuka gubigubi. Au halii kabisa. Kanyamaza tu, na kule kukojoa kitandani kulikokwisha mwaka jana kumerudi.

Yalinikuta na mimi. Binti yetu wa kati tulimuasili akiwa na miaka mitatu, na siku nawasha hii muvi kwa mara ya kwanza alikuwa na sita. Wale wazazi wa uongo walipofika mlangoni kwa akina Stuart, mwanangu akainuka taratibu, nikajua anaenda chooni, kumbe ameenda hadi mlango wa mbele akasukuma komeo la chini, kisha akaburuta ndoo ya maji akapanda juu yake akasukuma na la juu. Akarudi akakaa. Hakusema neno.

Muvi haina ubaya, naipenda na tunayo hadi leo. Tatizo ni kwamba tunaiwasha kama katuni, wakati kwa mtoto aliyeasiliwa ile ni habari yake mwenyewe inasomwa mbele za watu. Hizi hatua zinafaa kwa mtoto wa miaka kama sita hadi kumi na moja hivi. Chini ya hapo subiri, haiozi. Na zifuate kwa mpangilio wake, maana nikiwauliza walioharibikiwa wengi ni wale walioanzia hatua ya tano.

Vitu vya kuandaa kwanza

Muvi yenyewe. Ina dakika kama 84, ila wewe tenga masaa matatu. Zile kopi zinazotafsiriwa na ma-DJ ziache kwa siku hii, najua zinanoga, lakini mtafsiri akijichomekea "mtoto wa kuokota" katikati ya utani huwezi kulirudisha neno lile kwenye spika. Kama mtoto hajui Kiingereza tafsiri mwenyewe ukiwa umekaa naye, na kiukweli hiyo ni bora zaidi kwa sababu maneno unayachagua wewe.

Remoti yenye betri nzima. Utasimamisha mara tatu au nne na ukianza kuipigapiga kwenye goti wakati mtoto anatetemeka umeshachelewa.

Umeme wa uhakika. Angalia uniti zimebaki ngapi, laptopu ichajiwe kama akiba. Hili watu wanalidharau, lakini fikiria umeme ukikatika pale Stuart ameshabebwa na wale watu, mtoto analala na mwisho huo.

Picha ya familia iliyosafishwa kwenye karatasi, mtoto akiwemo, imetundikwa ukutani angalau wiki moja kabla. Sio kwenye simu. Sababu yake utaiona hatua ya tisa.

Mtu mzima wa pili. Baba yao, shangazi, mjomba, yeyote anayeaminika, kwa sababu mmoja akitoka na mtoto lazima mwingine abaki na wenzake.

Daftari, kalamu, na kitu cha kutafuna kisichohitaji kuinuka: bisi, karanga, ubuyu. Mikono ikiwa na kazi mtoto anapata pa kutazama pale TV inapomzidi.

Hatua ya 1: Iangalie peke yako, kalamu mkononi

Watoto wakishalala, weka muvi uangalie yote. Andika dakika ya kila sehemu hizi kwenye kopi yako wewe: wazazi wanapoenda kituoni kuchagua mtoto, paka wa nyumbani, Snowbell, anapomtia Stuart mdomoni, Stuart anaponaswa ndani ya mashine ya kufulia, ndugu wanapokuja kumpokea na George, mtoto wa kwanza wa ile nyumba, anapomkana mbele ya watu wote, Stuart anapowaambia wazazi kuna nafasi tupu ndani yake na anataka kujua waliomzaa, wageni wanapokuja kumchukua, habari ya kifo, picha iliyokatwa, na paka wanapomkimbiza usiku huko Central Park, bustani kubwa ya New York.

Sababu ya kuandika ni kwamba utakuwa umeshasimamisha kabla ya tukio. Kusimamisha baada ya mtoto kuona hakumsaidii, kunamwambia tu kwamba na wewe umeshtuka.

Na andika pia pale wewe mwenyewe ulipolia. Mimi nililia pale kwenye nafasi tupu, kwa sababu nilijisikia kama ananiambia mimi simtoshi. Kama hujalilia hilo peke yako utalilia mbele ya mtoto, na yeye ataacha mambo yake aanze kukubembeleza wewe. Watoto wetu hawa ni hodari sana kwa kubembeleza watu wazima, usimpe hiyo kazi.

Uko tayari ukiweza kumsimulia mwenzako muvi nzima kwa dakika tano sauti isikwame.

Hatua ya 2: Hakikisha mtoto anajua ukweli wake

Hapa ndo wengi wanapoangukia. Kuna mzazi hajawahi kumwambia mtoto kwamba ameasiliwa, anaona aibu au anaogopa, anafikiri muvi itamfungulia njia, kwamba wakiangalia pamoja mwishoni atasema "na wewe mwanangu ni kama Stuart". Usifanye. Nakuomba sana usifanye. Mtoto atakuwa ametoka kuona watu wa uongo wanamchukua mtoto mwenzie, kisha dakika hiyo hiyo anaambiwa hii ni habari yako. Tena Stuart ni panya. Habari ya mtoto wako isianze na panya.

Mwambie mwanzo, kwa siku nyingine kabisa, kwa maneno mafupi. Ulikaa kwenye tumbo la mama mwingine, yule mama hakuweza kukulea, sisi tukakuomba uwe wetu, mahakama ikakubali. Kisha mpe muda, sio siku mbili, mpe hata miezi, arudi na maswali yake akiwa anaoga au mkiwa kwenye daladala, maana ndo sehemu wanazoulizia. Akishaweza kulisema mwenyewe bila kunong'ona, muvi inaweza kuja.

Ukweli wenyewe usizidi unachokijua. Kama hujui baba yake ni nani, sema hujui.

Hatua ya 3: Andaa waliobaki nyumbani

Watoto wengine nao wana muvi yao humo ndani, na yao ni George. Kaa nao bila yule uliyemuasili uwaambie: kuna kijana atamkatalia ndugu yake kwa hasira, nyie mmewahi kusikia hivyo? Kaka mkubwa kwangu alikaa kimya kisha akasema ndiyo, siku kavunja gari langu. Vizuri kalisema jikoni kuliko kulisemea sebuleni.

Kisha maneno. Kwetu tunasema "mama aliyekuzaa" na "baba aliyekuzaa". Hatusemi "mama yako wa kweli", kwa sababu mtoto akilisikia hilo anajiuliza huyu anayenisuka nywele ni wa nini. Hatusemi "ndugu wa kweli", wala "wa kuokota", wala "wa kufikia". Mwambie bibi, mwambie na dada wa kazi, mwambie jirani anayependa kuingia bila hodi kuja kukaa kwenye kochi. Bibi hasa, kwa heshima, mtangulie: "Mama, shikamoo, jioni tuna jambo na watoto, naomba lile neno tusilitumie." Wazee wakielezwa sababu wanaelewa, wakishtukizwa wanaona umewavunjia adabu.

Kwa nyumba za Kiislamu kuna moja la kuongeza. Stuart anapewa jina la ukoo la familia, anakuwa Little. Kwenye kafala, yaani kulea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, mtoto analelewa kwa haki zote za malezi ila anabaki na nasaba ya baba yake, kama ilivyo kwenye sura ya Al-Ahzab aya ya 5. Mtoto wako akigundua kwamba Stuart kabadilishiwa jina na yeye hajabadilishiwa atauliza, na jibu liwe tayari: jina la baba yako ni haki yako, tunakutunzia, na hapa ndo kwenu.

Hatua ya 4: Chagua siku na mahali pa kukaa

Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, baada ya chai. Usiku hapana, kwa sababu maswali ya hii muvi yanakuja baada ya masaa kadhaa na unataka yaje jua likiwepo. Usiweke kwenye wiki ya birthday yake, wala wiki ya tarehe aliyofika nyumbani, wala muda mmetoka msibani.

Mtoto akae karibu na njia ya kutokea, sio katikati ya kochi amebanwa. Akitaka kuondoka aondoke bila kuruka magoti ya watu. Na mwambie mapema: remoti ni ya wote leo, yeyote akisema simama tunasimama, hakuna kuuliza kwa nini.

Jaribu mara moja kwenye dakika za mwanzo, wakati hakuna kitu chochote cha kutisha. Msimamishe, mcheke, muendelee. Akishaona kweli inasimama anaamini.

Hatua ya 5: Kituoni

Muvi inaanza wazazi wa George wanaenda kuchagua mtoto, na Stuart anawaeleza habari za watoto wote wa pale, huyu anajua hiki, yule anapenda kile, yeye mwenyewe hajitaji. Wanamchagua yeye. Mama wa kituo anajaribu kuwaonya kwamba kuchukua mtoto asiyefanana nao ni kazi ngumu.

Watu wazima wanaona ni sehemu tamu. Mtoto aliyekaa kituo anaona wengine: wale walioachwa. Swali litakuja, "na wale wengine walienda wapi?", usilipite haraka. Binti yetu alikuwa na rafiki kule, walilala kitanda kimoja, akanitajia jina lake ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka mitatu yote. Nilisimamisha tukaongea robo saa kuhusu huyo rafiki. Muvi ilisubiri.

Jambo la pili ni hili la kuchaguliwa. Usimwambie mtoto "na sisi tulikuchagua kama Stuart" kwa kujisifu, kwa sababu aliyechaguliwa anaogopa kuja kurudishwa, kama nguo iliyokuwa kubwa. Sema mlienda kuomba mtoto, akawa yeye, basi.

Hatua ya 6: George na sherehe ya ndugu

Kabla ya sherehe kuna paka na mashine ya kufulia, sio muda mrefu, mshike tu mkono kama anaogopa maji. Kisha ndugu wanajaa nyumbani na mazawadi makubwa, baiskeli, mpira mzito wa kuvingirisha, vitu ambavyo Stuart hawezi hata kuvisogeza. Watoto watacheka hapo, waache wacheke. Halafu George anapasuka, anasema mbele ya wote kwamba huyu sio mdogo wake, huyu ni panya.

Hapa usisimamishe wala usimwangalie mtoto usoni. Nimeona wazazi wanageuka wote kwa pamoja kumtazama, maskini ya Mungu, anabaki kama mshtakiwa. Tazama TV. Weka mkono wako mahali anapoweza kuushika akitaka.

Kinachofuata ni Stuart kuwauliza wazazi kuhusu waliomzaa, na wao hawakasiriki, wanaenda kumwomba mama wa kituo atafute. Hapa ndo sasa unaweza kusema sentensi moja, "na wewe ukitaka kuuliza unaniuliza", kisha unyamaze. Moja tu. Ukiongeza ya pili inakuwa hotuba.

Sehemu hii imeenda sawa ikiwa mkifika kwenye mashindano ya boti pale Central Park watoto wanashangilia kwa sauti. Kama mmoja hashangilii, kumbuka ni nani.

Hatua ya 7: Wageni mlangoni

Simamisha KABLA hawajaingia. Ushindi wa boti umeisha, familia inasherehekea, ndo wanakuja Bwana na Bibi Stout, panya wawili wanaosema wao ndio wazazi wa Stuart na walimwacha kwa sababu ya umaskini.

Ukisimamisha, waambie watoto wote ukweli wa kisa mapema: "Sasa wanakuja watu wanaosema ni wazazi wa Stuart. Ni waongo. Wametumwa na paka. Stuart ataondoka nao, na atarudi nyumbani kabla muvi haijaisha." Najua unajisikia unaharibu utamu. Haribu. Mtoto ambaye hajawahi kupoteza nyumba anaweza kuvumilia dakika ishirini asijue mwisho, huyu wako alishawahi kuishi bila kujua mwisho na anaujua uzito wake.

Kisha jiandae na swali ambalo ndo kiini cha mwongozo huu wote. "Na mimi wanaweza kuja kunichukua?"

Jibu linategemea makaratasi yako ya kumlea, na ndo maana nataka uyajue kabla ya siku hiyo.

Kama una amri ya kuasili ya mahakama, ambayo kwa Tanzania Bara inatolewa na Mahakama Kuu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mjibu wazi: hapana. Jaji aliandika kwamba wewe ni mtoto wetu, karatasi ipo, mtu hawezi kuja mlangoni akasema maneno ukaondoka naye. Mwonyeshe karatasi. Hata kama hajui kusoma mwache aguse muhuri.

Kama ni malezi ya kambo, yaani umepewa umlee wakati mambo mengine yanaendelea, usiseme "kamwe". Sema: mtu akitaka kukuona lazima aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, na mimi nitaambiwa, na wewe utaambiwa na mimi, hutashtukizwa. Hiyo ni ahadi unayoweza kuishika.

Kama ni mtoto wa dada yako au wa marehemu kaka, unamlea kindugu bila karatasi yoyote, hapo ndo pagumu kuliko pote maana baba yake anaweza kweli kutokea Ijumaa na begi. Mweleze unachokijua kwa majina: baba yuko Mwanza, tunaongea naye, akija atakuja kukusalimia na mimi nitakuwepo. Na wiki ijayo nenda ustawi wa jamii ukaulizie hali yako. Sio kwa ajili ya muvi.

Onyo: usimwahidi mtoto uongo ili muvi iendelee. Ukiona hujui la kujibu sema "swali zuri, nitalijibu kesho baada ya chai", na kesho baada ya chai ulijibu kweli, hata kama yeye hajaliuliza tena.

Mkishaongea, muulize kama anataka kuendelea. Sisi mara ya pili tulipoiangalia, miezi minane baadaye, alisema mwenyewe "mama simamisha", akaenda hadi mlango wa mbele akauangalia, ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, akarudi akachukua remoti akabonyeza. Mlango akauacha wazi.

Hatua ya 8: Habari ya kifo

Stuart akishaondoka, mama wa kituo anakuja kuwaambia akina Little kwamba wazazi waliomzaa walishafariki miaka mingi, makopo ya supu yaliwaangukia dukani. Muvi inalipitisha upesi na ajali yenyewe imewekwa ili watu wazima watabasamu. Usitabasamu. Yule mwenye wazazi marehemu hapo kasikia neno moja tu.

Kama wazazi waliomzaa mtoto wako wamefariki, hii sehemu mwambie kabla hamjaanza siku hiyo, "kuna mahali watasema wazazi wa Stuart walifariki, kama wako". Ikifika, mguse bega, endeleeni.

Hatua ya 9: Picha iliyokatwa

Simamisha hapa hata kama umeamua usisimamishe popote pengine.

Stuart anagundua uongo, anatoroka, anakimbizwa na mapaka, anafika nyumbani amechoka. Familia haipo, imetoka kumtafuta. Aliyepo ni Snowbell, naye anamdanganya kwamba wamefurahi ameondoka, na ushahidi ni picha ya familia: sura ya Stuart imekatwa na mkasi. Stuart anaamini, anaondoka tena peke yake usiku. Ukweli ni kwamba sura ile waliikata wao wenyewe ili waiweke kwenye matangazo ya kumtafuta.

Watoto wadogo hawaliungi hilo. Wanaona picha ina tundu, wanaona paka anasema hawakutaki, basi. Wengi wa watoto wetu hawana picha hata moja ya walipokuwa wachanga, kwa hiyo kwao picha yenye tundu sio kitu cha kwenye muvi. Simamisha, warudishe nyuma mpaka pale familia inapotengeneza matangazo, waulize: ile sura imeenda wapi? Waache waitafute wenyewe. Kwetu aliyeipata ni mdogo kabisa, akapiga kelele "iko kwenye bango!"

Na ndo kazi ya ile picha niliyokwambia uitundike wiki nzima kabla. Usiitaje. Usimwonyeshe kwa kidole. Binti yetu aligeuza shingo akaitazama ukutani kwa muda, akarudi kwenye bisi zake.

Baada ya hapo kuna paka wanamkimbiza, Snowbell anajirudi, Stuart anafika nyumbani. Msizime mpaka mmemwona ameingia ndani.

Hatua ya 10: Baada ya muvi, fanya kitu cha mikono

Usiulize "mmejifunza nini?" Hilo ni swali la darasani na litapata jibu la darasani. Weka beseni la maji uani, toa vijiti, mifuko ya rambo iliyobaki, gundi, watengeneze boti kama ile ya Stuart na George. Maneno yanakuja yenyewe macho yakiwa chini. Wewe kaa karibu na ufanye ya kwako.

Akisema kitu, kirudie tu kama alivyosema. "Stuart alikuwa mjinga kuondoka." Unasema, "unaona alikuwa mjinga kuondoka." Atamalizia. Ukimrekebisha hapo umefunga bomba.

Hatua ya 11: Wiki inayofuata

Tegemea mojawapo ya haya: atakung'ang'ania zaidi, au atakuwa mkaidi kupita kawaida akijaribu kama utamrudisha, au atauliza jambo moja mara kumi. Yote ni sawa kwa siku tatu nne, mjibu kila mara kwa maneno yale yale.

Kisicho sawa ni kuficha chakula chini ya mto, kukataa kulala kabisa, kukataa kwenda shule akiogopa hutakuwepo akirudi, yakiendelea zaidi ya wiki mbili. Hapo nenda kwa afisa ustawi wa jamii au mshauri wa watoto. Namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116, ni bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya pia, na mzazi anaweza kupiga, sio mtoto peke yake.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto kaondoka katikati.* Mtu mzima mmoja amfuate baada ya dakika moja, sio papo hapo. Asimrudishe. Waliobaki waendelee au wasimame, wachague wao, ila kabla siku haijaisha mwambie aliyeondoka: "Stuart alirudi nyumbani."

*Anacheka sehemu zote za huzuni.* Sio moyo mgumu. Mwache.

*Aliyelia ni mtoto uliyemzaa.* Inatokea sana na wazazi wanamkaripia, "wewe unalia nini?" Alijiona kwenye George akaogopa. Mchukue pembeni na yeye, peke yake, kwa muda ule ule ambao ungempa mwenzake.

*Umemnunulia na kitabu.* Kisome kwanza. Kwenye kitabu cha E. B. White cha 1945 Stuart hakuasiliwa, alizaliwa humo humo kwenye familia akiwa na umbo la panya. Mtoto aliyeshaipenda hadithi ya kuasiliwa anaweza kuona ameibiwa, mwambie kabla kwamba hivi ni visa viwili tofauti.

*Wanataka sehemu ya pili siku hiyo hiyo.* Ile ya 2002 nyumbani kwa akina Little kuna mtoto mchanga, Martha. Kama na wewe una mimba au mchanga, hiyo ni siku nyingine na maandalizi mengine.

*Anataka kuirudia kesho, na keshokutwa.* Mruhusu. Wengine wanaiangalia mara sita, saba, na ukifuatilia utaona wanairudia sehemu moja tu. Kaa naye, andika ni ipi, na remoti ishikwe na yeye.